Sou ya Lyon, Kuku wa Mnadani

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, hawakuwa na waumini wa kuwachangia. Wenyeji wa mji walikuwa Waislamu, na wakazi wa misheni wengi walikuwa watoto na watu wazima waliotolewa utumwani, mikono mitupu. Fedha za kuwakomboa, kuwalisha, kuwavisha na kujenga zilitoka Ulaya. Sehemu kubwa ilipitia vyama viwili vya Ufaransa: Chama cha Kueneza Imani cha Lyon, kilichoanza mwaka 1822, na kile cha Utoto Mtakatifu, alichokianzisha Askofu Charles de Forbin-Janson mwaka 1843.

Tukisikia fedha za Ulaya, haraka tunawaza matajiri. Pauline Jaricot, binti wa mfanyabiashara wa hariri aliyetangazwa mwenyeheri huko Lyon Mei 2022, aliyebuni michango ya chama hicho cha Lyon, alianza na wafanyakazi wa viwanda vya hariri. Aliwapanga kumi kumi. Kila mmoja alitoa sou moja kwa wiki, sarafu ndogo ya senti tano za faranga. Aliyekusanya ya watu kumi aliipeleka kwa msimamizi wa mia, na wa mia kwa wa elfu. Muumini yeyote wa Tanzania au Kenya anayeijua jumuiya yake atautambua mpangilio huo mara moja. Misheni za Afrika zilitegemea kwa kiasi kikubwa vibarua wa mbali waliojinyima kila wiki, na heshima yao tunawiwa mpaka leo.

Lakini mtoaji alikuwa mbali, na hesabu zilimfuata hukohuko. Aliyesali Bagamoyo, Karema au Peramiho aliona kanisa limeinuka, shule imefunguliwa, zahanati imepata dawa, bila kuambiwa gharama wala nani amelipa. Kwa vizazi kadhaa ikazoeleka kwamba mali ya Kanisa ni jambo la padre. Nadhani kasoro hiyo imetugharimu kuliko uhaba wenyewe wa fedha.

Hata hivyo si haki kusema wazee wetu hawakutoa. Walifyatua matofali, wakabeba mawe na mbao kichwani, wakalima mashamba ya misheni. Vita ya 1914–1918 ilipowang'oa wamisionari wengi wa Kijerumani Tanganyika, makatekista ndio waliobaki wakifundisha na kusalisha vijijini, wakila walicholima wenyewe. Utoaji huo haukuingia katika kitabu chochote cha fedha, na kwa sababu hiyo historia nyingi za misheni zinaupita kwa mstari mmoja.

Mageuzi yalikuja kwa kasi baada ya uhuru. Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, na kujitegemea kukawa somo la kila siku. Miaka miwili baadaye Papa Paulo VI aliwaambia Waafrika mjini Kampala kwamba sasa wao ndio wamisionari wa nchi zao. Desemba 1973 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi, wakaamua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogondogo za Kikristo: Kanisa lenye wahudumu wake, linaloeneza Injili lenyewe na kujitegemeza.

Katika kila jumuiya, kaya chache zinasali pamoja nyumba kwa nyumba, zina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na mgonjwa wao anajulikana kwa jina. Zaka ikapata kadi, harambee ikapata ratiba, mchango wa kulitegemeza jimbo ukagawanywa hadi kwenye kigango. Vijijini, ambako shilingi huja kwa msimu, matoleo yakabaki kuwa mazao. Misa ikiisha, watu wanasimama nje na mnada unaanza: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, kuku aliyefungwa miguu. Anayeendesha mnada anapandisha bei kwa utani, mtu anamnunua kuku kwa bei asiyoithubutu sokoni, kisha anamrudisha anadiwe tena, au anaagiza apelekewe mjane fulani. Kuku mmoja huweza kuuzwa mara tatu asubuhi moja. Huyo mjane naye anaweza kuwa ndiye aliyeleta mayai.

Kadi hiyo ya zaka ina upande mchungu pia. Kila Mkatoliki wa kwetu amesikia malalamiko ya familia iliyofiwa ikaulizwa kwanza zaka ya marehemu. Uwajibikaji katika jumuiya ni jambo jema, lakini Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haikuacha shaka: kanuni ya 222 inawawajibisha waamini kulitegemeza Kanisa, na kanuni ya 1181 inaagiza maskini wasikoseshwe mazishi yanayostahili. Sheria hiyohiyo inadai kila parokia iwe na kamati ya fedha (537), inakataza mchango uliotolewa kwa shughuli maalumu kutumika kwingine (1267), na inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya walichotoa (1287). Fedha iliyotolewa kwa ajili ya paa haigeuki kuwa ya uzio kwa uamuzi wa mtu mmoja. Wajibu wa kutoa tunahubiriwa karibu kila Jumapili. Haki ya kuona hesabu wengi hawajawahi kuisikia mimbarini, na hapo ndipo ningependa wachungaji wetu waongeze sauti.

Swali la nani atoe, na kwa nia gani, lilijitokeza hadharani Kenya Novemba 2024. Rais William Ruto alichangia mamilioni ya shilingi katika parokia ya Soweto, Kayole, kwa ajili ya nyumba ya mapadre pamoja na kwaya. Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akaagiza fedha hizo zirudishwe, akisema Kanisa halipaswi kutumiwa kisiasa. Viongozi, alisema, waje kusali kama waamini wengine. Wako waliouliza nyumba hiyo itajengwa na nani. Itajengwa na watu wa Kayole, mchango kwa mchango, na mweka hazina atakayewasomea hesabu ni mtu wanayeweza kumwuliza risiti.