Ajali za Majini Zina Kinga

Kila chombo kinapozama ziwani, hakosekani mtu wa kusema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo huwafariji waliofiwa, wala hapana ubaya katika kuwafariji. Lakini usiwe udhuru wa mtu aliyekabidhiwa zamu. Historia ya Ziwa Victoria, ambalo Uganda, Tanzania na Kenya zinalishiriki, inatoa ushahidi mwingine.

Tarehe 21 Mei, mwaka 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa karibu kufika Mwanza. Meli hiyo ilitengenezwa kuchukua abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443, na abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa kabisa. Ndiyo maana hata leo idadi ya waliofariki hutajwa kwa kukadiria: watu wapatao 800 au zaidi.

Kisha likaja funzo chungu kwa waokoaji. Meli ilibaki ikielea tumbo juu kwa sababu hewa ilikuwa imenaswa ndani yake. Tundu lilipotobolewa ili kuwatoa waliokuwa hai, hewa hiyo ilitoka, maji yakapanda, na meli ikazama kabisa. Nia ilikuwa njema, bali ujuzi na vifaa havikuwapo.

Miaka 22 ikapita. Tarehe 20 Septemba, mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, nchini Tanzania. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliofariki walikuwa 228, yaani zaidi ya mara mbili ya wale waliostahili kupanda. Siku mbili baadaye, wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja akiwa hai, aliyekuwa amejihifadhi mahali penye hewa ndani ya kivuko kilichopinduka. Hewa ile ile iliyopotezwa mwaka 1996 ilimwokoa mtu.

Haukutimia hata mwezi wa tatu, msiba ukafika Uganda. Tarehe 24 Novemba, mwaka 2018, mashua ya starehe ilizama karibu na Mutima, wilayani Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa. Polisi walieleza kwamba mashua ilikuwa mbovu tena imejaza kupita kiasi. Hata vyombo vya wavuvi waliokimbilia kusaidia vililemewa na watu waliovirukia kwa hofu.

Ajali hizo tatu zina mzizi mmoja. Chombo kilizama majini, lakini kosa lilitendeka nchi kavu, pale kilipoachwa kiondoke na watu wengi kupita uwezo wake. Mzigo ukizidi, chombo hushuka na kukosa uthabiti. Abiria wakihamia upande mmoja, hakina nguvu ya kujiinua.

Kwa hiyo kazi ya askari haianzi wakati maiti zinapoopolewa. Huanza gatini na mwaloni: kuhesabu watu, kuandika majina, kukagua makoti ya kujiokolea na kuhakikisha yamevaliwa, si kukaliwa kama mito. Askari mwenyewe asijione ameepukana na sheria hiyo. Buti, mkanda na bunduki huzama na mwenyewe, awe na cheo kikubwa au kidogo. Na anapomwendea mtu anayezama, atangulize kamba, ubao au boya, kwani mkono wa mwenye hofu humvuta mwokozi chini.

Nahodha atasema safari ni fupi. Abiria watalalamika kwamba wanacheleweshwa. Tajiri wa chombo huenda akaja na bahasha. Hapo ndipo kinga ya ajali ilipo: katika askari mmoja anayesema hapana, na asibadili neno lake. Jina lake halitaandikwa popote, maana siku hiyo hakuna atakayekufa.