Mahindi Yana Maji, Kidole Kikavu

Kukhu hakuwahi kumwamini mtu kuhusu mahindi yake. Akitaka kujua kama yamekauka, anachukua punje moja, anaiweka kati ya magego, anauma. Ikilia ka! na kupasuka, anatema na kusema, "Haya yako tayari." Ikibonyea bila sauti, mahindi yote yanarudi kwenye turubai, na sisi wajukuu tunarudi kufukuza kuku.

Novemba moja, mvua ya Kitale ikiwa imekataa kwenda, broka alikuja Tuwan na lori. Kukhu alikuwa na gunia 20, mavuno ya ekari moja aliyokodi nje ya mji. Broka akachota konzi, akajaza kikombe cha kimashine kidogo, akafunga kifuniko, akabonyeza. Kioo kikaandika 18.

"Mama, haya bado yana maji. Itabidi nikate."

Kukhu akauma punje mbele yake. Ka! Broka akacheka, wala si kwa ubaya. "Mama, mashine haina jino." Akakata.

Jioni pesa ziliingia kwa M-Pesa. Mjomba alikuwa amemnunulia Kukhu simu ya kupangusa, ile kabambe yake ya zamani ikastaafu. Kukhu akagusa kioo ili aone salio. Kimya. Akagusa tena, akakaza. Kimya. Mwishowe akanipa simu, na nikamwandikia hadi namba ya siri, namba ambayo kila siku tunaambiwa tusimtajie mtu.

Siku moja, mashine mbili. Ya kwanza ilisema mahindi yake yana maji mno. Ya pili haikuhisi kidole chake kwa sababu ngozi yake, baada ya miaka hamsini ya jembe, imekuwa ngumu na kavu. Nilikuja kujua baadaye kwamba mashine hizo mbili ni ndugu wa damu. Zote zinatumia kihisi cha kapasita, na ukoo wao unaanzia kwenye chupa.

Mwaka 1745 huko Pomerania, Ewald Georg von Kleist alikuwa akichezea umeme wa kusugua, ule unaokurusha kidogo ukivua sweta la nailoni. Aliingiza msumari kwenye chupa yenye kimiminika, akaupa umeme kutoka kwa mashine, kisha akaugusa. Umeme ulimpiga vibaya. Mwaka uliofuata, katika mji wa Leiden, Uholanzi, profesa Pieter van Musschenbroek alipata pigo kama hilo kutoka kwa chupa ya maji, akaandika kwamba hangerudia jaribio hilo hata akipewa ufalme wa Ufaransa. Chupa hiyo ikachukua jina la mji: chupa ya Leiden.

Siri yake ilikuwa nini? Maji ya ndani yanapitisha umeme. Mkono ulioshika chupa kwa nje pia unapitisha. Katikati kuna kioo, ambacho hakipitishi. Umeme wa ndani na ule wa nje unavutana kupitia kioo bila kukutana, kama wapenzi waliotenganishwa na dirisha, na kwa sababu unavutana, unabaki pale. Baadaye watu waliona kwamba hata maji si lazima. Mabamba mawili ya metali yanatosha, mradi katikati pawe na kitu kisichopitisha umeme. Hiyo ndiyo kapasita. Leo simu yako imejaa hizo, nyingine ndogo kuliko punje ya wimbi.

Mwaka 1837 Michael Faraday, kule London, alionyesha jambo ambalo lingekuja kumgusa Kukhu mfukoni. Kiasi cha umeme ambacho kapasita inaweza kubeba kinategemea kilichowekwa katikati ya mabamba. Weka hewa, inabeba kiasi fulani. Toa hewa uweke kioo au nta, inabeba zaidi. Maana yake, ukigeuza mambo, unaweza kupima umeme uliobebwa ukajua kilicho katikati bila kukifungua wala kukiuma.

Na hakuna kitu cha kawaida kinachojitangaza katikati ya mabamba kama maji. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi. Ikiwekwa kati ya mabamba yenye umeme, inageuka kuelekea upande unaoivuta, na mamilioni zikigeuka pamoja, uwezo wa kapasita unapanda sana. Tukiipa hewa namba 1, punje iliyokauka kabisa inapata kama 2 hadi 4. Maji yanapata karibu 80. Kwa hivyo maji kidogo tu yakibaki ndani ya punje, mashine inayasikia.

Sasa turudi Kitale, tuone maji yalivyogeuka kuwa jambo la pesa. Reli ilifika hapa mwaka 1926, na mahindi ya walowezi wa Trans Nzoia yakapata njia ya kwenda mbali. Mwaka 1956 Kenya Seed Company ikaanzishwa papa hapa Kitale. Mwaka 1964 ikatoka H611, mbegu chotara iliyozaliwa kwa kukutanisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ekuado. Baadaye zikaja ndugu zake kama H614, ambayo wakulima wengi bado wanaipenda. Mbegu hizi zinafaa nyanda za juu, zinazaa vizuri, lakini hazina haraka. Unapanda Machi au Aprili, unavuna Oktoba, Novemba, hata Desemba. Na Kitale, mvua haisomi kalenda. Mahindi mengi yanatoka shambani yakiwa bado na maji, jua lenyewe ni la kubahatisha, na turubai huwa ni mbio za kuanika na kuanua.

Zamani mnunuzi mkubwa alikuwa serikali. Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, iliundwa mwaka 1979, na kiwango kinachotumika hadi leo ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vizuizi hivyo vikaondolewa, na barabara ikafunguka kwa broka mwenye lori. Vipimo vidogo vya mkononi vikamaanisha kwamba upimaji hauhitaji tena ofisi. Anayenunua anaweza kuja na maabara yake mfukoni.

Kabla ya hapo, kupima unyevu kisayansi kulikuwa shughuli. Njia ya oveni ni kupima uzito wa nafaka, kuikausha kabisa, kisha kupima tena. Tofauti ndiyo maji yaliyokuwamo. Mwaka 1907 Marekani ilipata njia ya kuchemsha nafaka ndani ya mafuta na kukinga mvuke wake. Kimashine cha broka hakifanyi lolote kati ya hayo. Kikombe chake ni kapasita na mahindi ndiyo yanayokaa katikati. Kinapima umeme, kisha kinaangalia jedwali lililotengenezwa kwa kulinganisha mahindi ya namna hiyo na majibu ya oveni, halafu kinaandika namba.

Hapo ndipo penye kesi. Kimashine hakijaona maji. Kimekisia, na kukisia kwake ni kwa kuaminika ukikitumia vizuri. Jedwali la ngano si jedwali la mahindi, kwa hivyo kikiwa kimewekwa kwenye zao lingine, namba inaharibika. Kikombe kisipojazwa inavyotakiwa, hewa inaingia hesabuni. Mahindi yaliyotoka kuanikwa sasa hivi yakiwa na joto yanaweza kuonekana na maji kuliko yalivyo, ikiwa mashine hairekebishi joto. Mvua ikinyunyiza punje kavu kwa juu, umande huo unaweza kusomwa kama unyevu wa ndani. Na konzi moja ya juu ya gunia haiwezi kusema habari ya gunia 20.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu huumia. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18, ukilikausha hadi 13.5, linabaki kama kilo 85. Kilo 4.7 zimeenda hewani. Kwa hivyo broka anayekata kwa sababu ya maji hajakosea: bila kukata angekuwa ananunua maji kwa bei ya mahindi. Lakini kama mahindi yalikuwa 13.5 tangu mwanzo na kimashine kikasema 18, mkulima amepoteza karibu gorogoro mbili na nusu kwa kila gunia. Kwa gunia 20, hiyo ni zaidi ya kilo 93. Gunia zima na ziada limeondoka Tuwan bila mtu kuiba chochote.

Mtu anaweza kusema basi tuachane na vimashine, turudi kwa jino. Hapana. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na majirani zao, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sababu ya mahindi yenye aflatoksini. Ni sumu ya ukungu, na ukungu huo unastawi kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Huwezi kuiona sumu hiyo, na kupika ugali hakuiondoi. Kipimo cha unyevu hakipimi aflatoksini yenyewe, lakini kinakuambia kama stoo yako inaikaribisha. Jino la Kukhu linajua kavu na bichi. Kati ya 13 na 16, jino linabahatisha, na katikati hapo ndipo ukungu unapoamua kuhamia au kutohamia.

Ndugu wa pili, ile simu, alipitia njia nyingine. Mwaka 1965 Mwingereza E. A. Johnson, aliyefanya kazi kwenye kituo cha rada cha Malvern, aliandika kuhusu kioo cha kuguswa ambacho kingesaidia waongozaji wa ndege. Miaka ya 1970, kituo cha utafiti cha CERN huko Geneva kilitengeneza vioo vya aina hiyo kwa ajili ya kuendeshea mitambo yake. Kisha mwaka 2007, mwaka ule ule M-Pesa ilipozinduliwa Kenya, Apple ikaanza kuuza iPhone. Huku kwetu wengi tulianza na simu za kugusa zilizotaka ukandamize, hata kwa ukucha au kijiti, kwa sababu ndani zilikuwa na tabaka mbili zinazosukumwa zikutane. Mwaka 2011 Safaricom ilipouza Huawei IDEOS kwa chini ya shilingi 10,000, kioo cha kapasita kikaanza kufika kwa mtu wa kawaida.

Kioo hicho hakitaki nguvu. Chini yake kuna mistari myembamba inayopitisha umeme lakini huioni, imepangwa kama wavu. Mwili wako umejaa maji na chumvi, kwa hivyo unapitisha umeme. Ukileta kidole, unakuwa bamba la pili la kapasita, kama mkono wa Musschenbroek ulioshika chupa. Umeme kidogo unavutwa upande wako, simu inahisi badiliko kwenye makutano fulani ya wavu, inajua uko hapo. Ndiyo maana kijiti kikavu hakifanyi kitu, na matone ya mvua yanaifanya simu ifungue mambo ambayo hukuyaomba.

Kidole chenye sugu nene na kavu kiko karibu na kijiti kuliko kidole chako. Maji yapo ndani, lakini ngozi ngumu inayaweka mbali na kioo, na badiliko linakuwa dogo mno. Simu ilijaribiwa kwa vidole vingi, sawa, lakini si vingi vilivyopalilia ekari moja kila msimu. Kukhu alipokandamiza kwa hasira, hakusaidika, kwa sababu simu haikuwa ikipima nguvu yake. Ilikuwa ikipima maji yake.

Kwa hilo dawa ni nyepesi. Kulowesha ncha ya kidole kidogo husaidia, mafuta ya kulainisha ngozi husaidia, na simu nyingine zina mpangilio wa kuongeza wepesi wa kioo kuhisi. Siku hizi Kukhu hugusa kitambaa chenye unyevu kabla ya kugusa simu, na namba yake ya siri ameibadilisha. Hajaniambia, na sijauliza.

Kwa mahindi, mambo ni ya kuuliza kwa sauti. Mashine imewekwa kwenye mahindi? Umechota gunia ngapi? Pima mara tatu, na utuonyeshe kioo kila mara. Majirani wakichanga wanaweza kununua kipimo chao, halafu mazungumzo na broka yawe namba kwa namba. Na kama hakuna kipimo, kuna chupa. Chukua chupa safi ya kioo iliyokauka, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko kadhaa vya chumvi kavu, funga, tikisa sana kwa dakika moja, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita kama asilimia 15, anika tena. Isipoganda, uko chini ya hapo. Haikufikishi hadi 13.5, lakini mtu akikuambia 18 na chumvi yako inacheza ndani ya chupa bila kushika popote, una neno la kumjibu.

Mavuno yaliyofuata, broka mwingine alipokuja, Kukhu alitoka nje na chupa ya soda yenye mahindi na chumvi, akaiweka juu ya gunia kabla ya kimashine kutolewa. Broka aliitazama, akapima gunia la kwanza, la tano na la kumi. Kioo kikasoma 13.9, 14.1, 13.8. Wakasikilizana bei.

Halafu Kukhu akauma punje moja, hivyo hivyo tu.