Kutamka na Kuelewa: Njia Mbili za Kufunza Kusoma Kiswahili

Mtoto wa pwani aliyetiwa chuoni katika karne ya 19 alianza na majina ya herufi, akafuata irabu, kisha akaunganisha sauti hadi akaweza kuisoma Kurani. Lugha aliyoisoma haikuwa yake. Lengo la kwanza lilikuwa usahihi wa matamshi. Maana iliachiwa darasa za baadaye.

Mambo yaligeuka mtoto huyo alipokabidhiwa barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi zizo hizo. Alfabeti ya Kiarabu haina p, v wala ch, na waandishi wengi wa zamani hawakuonyesha m inayotangulia b au p. Hivyo "baba", "papa", "bamba" na "pamba" ziliweza kuandikwa kwa namna moja. Barua ikizungumzia shehena, msomaji alitamka pamba; ikiwa ni salamu kwa mzazi, alitamka baba. Hakuweza kutamka kabla ya kuelewa. Baadaye wanazuoni wa Mombasa, akiwamo Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, waliirekebisha hati hiyo ili sauti za Kiswahili zipambanuke.

Hati ya Kilatini, iliyoenezwa na wamisheni na kisha na shule za serikali za kikoloni, iliondoa utata huo. Mwalimu aliandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu. Wanafunzi wakaitikia, na baada ya muda si mrefu waliweza kutamka neno lolote. Faida yake ilikuwa kubwa. Hata hivyo, hati hiyo ilileta jambo geni: sasa mtu aliweza kusoma ukurasa mzima wa Kiswahili kwa ufasaha pasipo kuelewa hata sentensi moja.

Tanzania ilikabiliana na tatizo hilo kwa njia yake. Katika mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima uliofadhiliwa na UNESCO kandokando ya Ziwa Victoria kuanzia 1968, vitabu vya kusomea vilihusu kilimo cha pamba na migomba, uvuvi na ufugaji. Mkulima aliposoma neno "pamba", alikutana na zao la shambani mwake. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu katika vikundi: walisikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Kusoma kulipimwa kwa kitendo kilichofuata.

Historia hii inamgusa mwalimu wa Kiswahili aliyeko Muscat au London. Mwanafunzi aliyezaliwa ughaibuni huweza kuisoma kwa sauti barua ya bibi yake bila kukwama, na mwalimu akadhani kazi imekwisha. Hati ya kale ingemfichua katika neno la kwanza. Hati ya leo haimfichui. Yampasa mwalimu asimamishe usomaji na kuuliza: bibi anasema nini, na kwa nini amelisema hivyo?