Mkono wa Marehemu na Ombi la Jirani: Chimbuko la Ruzuku za Mifuko ya Jamii

Mfuko wa jamii, yaani taasisi inayopokea michango na wosia za watu wengi wa mji au wilaya moja, ikaiwekeza mali hiyo kwa pamoja na kuyagawa mapato yake kwa vikundi vya mahali hapo vinavyoomba, ni chombo ambacho umri wake umezidi karne moja kwa miaka michache tu. Fedha za hisani zilikuwepo tangu zamani, na nyingine zilikuwa nyingi mno, lakini mwombaji hakuwa na mtu wa kumshawishi, kwa sababu masharti yalikwisha kuandikwa na mtu aliyefariki, na wadhamini walioachiwa mali hawakuwa na mamlaka ila ya kupima kama mwombaji anaafikiana na maneno ya wosia.

Mfano unaoonyesha jambo hili kwa karibu ni ule wa Benjamin Franklin wa Marekani, aliyefariki mwaka 1790 na kuiachia miji ya Boston na Philadelphia pauni 1,000 kila mmoja. Fedha hizo zilikusudiwa kukopeshwa mafundi vijana walio na ndoa, ambao hawajatimiza umri wa miaka 25 na ambao wamekwisha kuhitimu uanagenzi katika mji husika. Fundi aliyetaka mkopo alipaswa kuleta raia wawili waaminifu wa kumdhamini. Alipewa kati ya pauni 15 na 60, na kila mwaka alilipa riba ya asilimia 5 pamoja na sehemu moja ya kumi ya deni. Masharti hayo yalimfaa seremala au mhunzi wa karne ya 18 aliyetaka kufungua karakana yake, lakini viwanda vilipoumeza uanagenzi wa aina hiyo, waombaji waliotimiza sifa walipungua mwaka hadi mwaka, wakati vijana wengine wa miji hiyo hiyo walikuwa na shida ambazo Franklin, pamoja na hekima yake yote, hakuweza kuziona mbele.

Huko St. Louis, Bryan Mullanphy, aliyepata kuwa meya wa mji huo, alifariki mwaka 1851 na kuacha theluthi moja ya mali yake iwasaidie wasafiri maskini waliopita mjini wakienda kuishi katika nchi za magharibi. Reli ilipofika, misafara ya magari ya kukokotwa ikakoma, na mali ikabaki ikiongezeka bila ya msafiri wa kuipokea. Wanasheria wa Uingereza na Marekani waliuita utawala huu wa wosia juu ya mali mkono wa marehemu, na wasomaji wa Zanzibar na Pwani, wanaoijua kanuni ya wakfu inayotaka sharti la mwenye kuweka wakfu liheshimiwe kizazi baada ya kizazi, wataitambua mara moja mizani ngumu iliyomo humo, kati ya uaminifu kwa aliyetoa na haja ya aliye hai.

Aliyepata njia ya kuisawazisha mizani hiyo alikuwa Frederick Goff, mwanasheria wa Cleveland aliyekuwa rais wa benki ya Cleveland Trust Company, ambaye kwa kazi yake aliona wosia nyingi za aina hiyo zikikwama. Tarehe 2 Januari 1914 ilianzishwa Cleveland Foundation, ambamo benki ilikabidhiwa kazi ya kutunza mtaji, huku uamuzi wa nani apewe ukiwekwa mikononi mwa kamati ya ugawaji yenye wakazi watano wa mji: wawili waliteuliwa na benki, mmoja na meya, na wawili na majaji. Wanasiasa wenye vyeo au wanaogombea vyeo hawakuruhusiwa kuingia. Lakini sharti lililoleta mageuzi ya kweli ni lile lililoipa kamati uwezo wa kubadili matumizi ya zawadi pale ambapo kusudi la mtoaji limepitwa na wakati au haliwezekani tena. Hapo ndipo ombi la ruzuku, kwa maana ya hoja inayoelekezwa kwa mtu anayeweza kukubali au kukataa kwa kutazama hali ya leo, lilipopata nafasi, na ni haki kusema kwamba umuhimu wa kifungu hicho umeuzidi ule wa dola zote zilizofuata.

Katika miaka ya mwanzo fedha za kugawa zilikuwa haba, kwa kuwa waliouandikia mfuko wosia walikuwa bado hai. Mfuko ukaanza kwa kuuchunguza mji wenyewe: mwaka 1915 Leonard Ayres alipewa kuongoza uchunguzi wa shule za Cleveland, uliotoa vitabu 25, na mwaka 1922 ukachapishwa ule wa mahakama na polisi, ulioongozwa na Roscoe Pound na Felix Frankfurter. Kamati ilijifunza hivyo kuuliza tatizo ni lipi na ushahidi wake uko wapi, maswali ambayo hadi leo hutangulia katika kila andiko la mradi, yaani maelezo ya maandishi ya kikundi kuhusu haja yake, kazi itakayofanywa, gharama na njia ya kupima matokeo.

Wazo la mfuko wa jamii lilienea upesi, likafika Chicago na Boston mwaka 1915, na Winnipeg, Kanada, mwaka 1921, ambako mwenye benki aliyeitwa William Alloway alitoa dola 100,000. Mwaka 1924 mfuko huo wa Winnipeg uliletewa bahasha yenye sarafu tatu za dhahabu za dola tano tano kutoka kwa mtu asiyejitaja jina, aliyeiita zawadi yake senti ya mjane. Dola hizo 15 ziliingizwa katika mtaji ule ule uliobeba mali ya Alloway.

Nchini Kenya mbegu ilikuta udongo uliokwisha kulimwa. Harambee, iliyofanywa wito wa taifa na Jomo Kenyatta mwaka 1963, ilijenga shule na zahanati kwa michango ya wenyeji, lakini mchango wa harambee huisha pamoja na saruji iliyonunuliwa, na karo ya mwaka unaofuata hudai harambee nyingine. Kenya Community Development Foundation, iliyoanza mwaka 1997 kwa msaada wa Ford Foundation na Aga Khan Foundation, ililenga pengo hilo kwa kujenga mtaji wa kudumu ndani ya nchi na kutoa ruzuku kwa vikundi vya wenyeji, na pia kuvisaidia vikundi kuweka mifuko yao wenyewe chini ya paa lake. Kikundi kinachofika hatua hiyo hulazimika kuchagua kamati, kuandika vigezo vya kugawa mapato na kupokea barua za wazazi wanaoomba karo, na wanachama wake, ambao jana walikuwa wakisubiri jibu la ombi lao, huanza kutoa majibu kwa majirani zao.