Siku za hatari huhesabiwaje?

Kila tunapozungumzia uzazi wa mpango hewani, swali hili halikosi: mbona nilihesabu siku vizuri na bado nimeshika mimba? Mara nyingi kosa liko mwanzoni mwa hesabu. Tunasema mwanamke ameingia mwezini, na hapa Tabora mwezi umo hata katika jina la Wanyamwezi, basi wengi huhesabu kwa tarehe: nilianza tarehe 5, nitarudia tarehe 5. Mwili haufuati kalenda ya ukutani.

Siku ya kwanza ya mzunguko ni ile damu inapoanza kutoka. Mzunguko huisha siku moja kabla ya damu nyingine, na kwa wanawake wengi huchukua siku 21 hadi 35. Yai hutoka kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi ijayo, si siku 14 baada ya ile iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 28 haoni tofauti. Lakini wa siku 35 yai lake hutoka karibu na siku ya 21, na wa siku 22 karibu na siku ya 8, pengine damu imekauka juzi tu. Yai huishi saa 12 hadi 24, ila mbegu za kiume huweza kulisubiri hadi siku 5. Ndiyo maana hata tendo la siku za mwisho za hedhi laweza kuleta mimba.

Anayetaka kutumia kalenda aandike mizunguko yake kwa angalau miezi sita. Mzunguko mfupi kuliko yote atoe 18, mrefu kuliko yote atoe 11. Ukiwa kati ya 26 na 32, siku za hatari ni ya 8 hadi ya 21. Hizo ni siku 14 za kujizuia au kuvaa kondomu, na mume asipokubali, hesabu hiyo ni bure.

Kwa wasichana njia hii ni mbaya zaidi, kwa sababu miaka ya kwanza baada ya kuvunja ungo mzunguko hurukaruka. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha kuwa mkoani Tabora asilimia 43 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Ni Katavi tu iliyozidi.

Sasa fikiria mama wa Ulyankulu, makazi yaliyofunguliwa 1972 kwa wakimbizi wa Burundi, wengi wao leo raia. Ana shamba la tumbaku, na zahanati iko mbali. Vidonge vinataka kumezwa kila siku; sindano inataka arudi kila baada ya miezi mitatu, hata masika. Kijiti cha mkononi hukaa miaka 3 au 5 kulingana na aina, na kitanzi cha shaba miaka 10 au zaidi. Katika wanawake 100 wanaotumia kijiti kwa mwaka, hata mmoja ni nadra kupata mimba; kwa sindano ni kama 4, kwa vidonge 7. Vituo vya serikali hutoa huduma hizi bure.

Kinachowarudisha wengi nyuma ni hofu ya sindano: hedhi ikikoma, damu inajaa tumboni. Haijai. Dawa huufanya ukuta wa mfuko wa uzazi ubaki mwembamba, hivyo hakuna cha kutoka. Kizazi nacho hakifi, ila baada ya kuacha sindano mimba yaweza kuchelewa miezi kadhaa. Anayetaka mtoto karibuni achague njia nyingine.

Anayenyonyesha ana kinga kwa miezi 6 tu, tena mtoto anyonye mchana na usiku bila chakula kingine na hedhi iwe haijarudi. Likikosekana moja, aende kliniki. Na kondomu pekee ndiyo inayozuia pia Ukimwi na magonjwa ya zinaa, hata kwa mwenye kijiti.