Sombe ya Bonane: historia ya chungu kinacholinda mwili



Mwisho wa mwaka ukikaribia, kila mtaa wa kambi unaongea kitu kimoja: Krismasi na Bonane tutakula nini? Wenye uwezo kidogo wanachangiana mbuzi. Wengine wanauza sehemu ya unga wa mgao ili wapate mchele na soda za watoto. Hatuwalaumu, maana sikukuu bila nyama inafanana na siku zote. Lakini tuangalie ile sahani vizuri. Pembeni ya nyama kuna sombe, na siku hiyo haikupikwa kwa maji na chumvi tu. Imetiwa mawese, karanga za kutwanga na dagaa wa ziwani. Jirani zetu Watanzania wanaiita kisamvu, ndugu zetu Warundi wanasema isombe. Vijana wengi tunaisukuma kando, tunasema ni chakula cha kijijini.

Kumbe ndani ya chungu hicho kuna kinga ambayo nyama ya siku moja haiwezi kuleta. Na kuna wakimbizi wenzetu, miaka ya nyuma, walioumia kwa kukosa kitu kimoja tu kati ya vile vinavyoingia humo. Ndiyo maana tumeamua kuandika historia yake.

Tuanze na muhogo. Ukimwambia mzee wa Fizi au Uvira kwamba muhogo ni mgeni, atacheka. Lakini ni mgeni kweli. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha pwani ya Kongo katika karne ya 16. Kutoka pale uliingia bara polepole, shamba hadi shamba, mpaka ukafika kwenye maziwa yetu. Karanga nazo zilitoka Amerika ya Kusini, na mahindi yalitoka Mexico. Wenyeji wa kweli katika chungu cha sombe ni mawese na dagaa. Bibi zetu walipokea mimea ya wageni, wakaichanganya na vitu vya kwao, wakapata chakula ambacho leo tunakiita cha asili.

Faida yake iko wapi? Mzizi wa muhogo unashibisha, lakini katika gramu 100 una protini kama gramu 1 tu. Majani mabichi ya uzito huohuo yana kama gramu 7. Yana pia madini ya chuma, kalsiamu, na karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Yaani sehemu ambayo wengine wanawaachia mbuzi ndiyo yenye nguvu ya kujenga mwili.

Ila majani hayo yana sumu ndani. Yana kemikali inayotoa sianidi, na mara nyingi ni nyingi kuliko ile ya kwenye mzizi. Hapo ndipo kinu kinaingia. Mama akitwanga, jani linapasuka, kemikali ile inakutana na kimeng'enya kilichomo ndani ya jani lenyewe, na sianidi inaachiwa. Akichemsha muda mrefu, inatoka na mvuke. Mama zetu hawakusoma kemia, lakini walijua kwamba sombe isiyotwangwa vizuri na isiyoiva haipewi mtoto.

Historia inaonyesha hatari ya kuruka hatua. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa eneo la Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo ya Wabelgiji. Mtu alikuwa mzima, ghafla miguu yake inakakamaa, na haiponi tena. Wanaoshikwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Jina lake ni konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba konzo inawapata watu wanaokula kwa wiki nyingi muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, huku wakikosa protini. Mwili unahitaji protini yenye salfa ili kuivunja nguvu sianidi, na protini hiyo inapatikana vizuri katika samaki, nyama na mayai. Sasa mnaona kazi ya wale dagaa katika sombe? Mnawadhani wa kutia harufu tu, kumbe ni walinzi. Na kwa kuwa tunawala wazima na mifupa yake, wanatupa kalsiamu pia.

Tuje kwenye karanga, kwa sababu hapa historia inatugusa sisi wakimbizi moja kwa moja. Miaka ya 1980 mamia ya maelfu ya watu wa Msumbiji walikimbia vita wakaingia Malawi. Chakula chao kikubwa kilikuwa mahindi ya msaada, na karanga zilikuwa sehemu ya mgao. Mwaka 1989 karanga zikakatika. Kwa macho ilionekana ni upungufu mdogo, maana unga ulikuwepo na watu walikuwa wanashiba. Lakini kati ya Februari na Oktoba 1990 waliandikishwa wagonjwa zaidi ya 17,000 wa ugonjwa unaoitwa pelagra. Ngozi ya shingoni na mikononi, pale jua linapopiga, inakuwa nyeusi na kukwaruza. Halafu kuhara, halafu akili kuchanganyikiwa, na asiyetibiwa anaweza kufa. Sababu ni kukosa vitamini B3, ambayo kwa jina lingine inaitwa niasini. Karanga zina niasini nyingi sana. Mahindi yanayo pia, lakini imefungwa, tumbo letu linapata kidogo tu.

Ajabu ni kwamba wenyeji wa Mexico walikula mahindi maelfu ya miaka bila balaa hiyo. Wao waliyachemsha na chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, na njia hiyo inaifungua ile niasini. Mahindi yalipovuka bahari, ujuzi ulibaki nyuma. Kwetu, kazi hiyo ilifanywa na kile kilichowekwa pembeni ya ugali: karanga, samaki, maharage. Kwa hiyo ugali wenyewe haukosi kitu mradi una mwenzake, na hatari inaanza pale unapobaki peke yake.

Bado mawese. Mafuta hayo yana historia chungu. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilimpa Mwingereza William Lever maeneo makubwa ya michikichi nchini Kongo, ili apate mafuta ya kutengeneza sabuni. Kituo chake kikubwa kiliitwa Leverville, leo ni Lusanga. Watu walilazimishwa kukata ngazi za mchikichi kwa malipo madogo, na mwaka 1931 Wapende wakaasi, uasi ukazimwa kwa risasi. Mafuta yaliyokwenda Ulaya yaligeuzwa sabuni. Yaliyobaki chunguni kwa mama zetu yalibaki mekundu, na wekundu huo ndio karotini yenyewe. Inasaidia macho, hasa ya mtoto anayeshindwa kuona jioni, na inaongeza kinga ya mwili. Tena mafuta yoyote yanasaidia mwili kuichukua karotini ya majani. Ukiyachoma mawese kwenye sufuria mpaka yawe meupe, umeiua faida hiyo. Na yasizidi: karibu nusu yake ni mafuta mazito, kwa hiyo vijiko viwili au vitatu kwa chungu cha familia vinatosha, zaidi sana nyumbani kwenye mzee mwenye presha.

Kwa hiyo tunasema nini? Tunasema sombe ya Bonane isingoje Bonane. Mgao umepunguzwa mara kadhaa kwa uhaba wa fedha, na kila ukipungua kinachoondoka kwanza nyumbani ni vile vya pembeni: karanga, dagaa, mawese. Tunabakiza unga kwa sababu unashibisha. Lakini ya Malawi yametufundisha kwamba mtu anaweza kushiba na kuugua. Fedha ya soda mbili ikinunua karanga na kikombe cha dagaa, watoto watakula kitu cha maana siku kadhaa. Dagaa wakitwangwa unga, hata mdogo wa miezi kumi anaweza kuchanganyiwa kwenye uji. Karanga zenye ukungu zitupwe, hata kama inauma, kwa sababu ukungu ule una sumu ya ini. Ndimu ikamuliwe juu ya mboga, inasaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai isubiri kama saa moja baada ya kula, kwa sababu inayazuia.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tuna mambo mawili. La kwanza ni kuni. Mama akikosa kuni anapunguza muda wa kuchemsha sombe, na mmeona kwa nini hiyo ni hatari. Mnapopanga habari ya nishati, hesabuni pia afya. La pili, kabla ya kufuta kitu kidogo kwenye orodha ya chakula, ulizeni kwanza kinafanya kazi gani mwilini. Mafuta ya mgao yanaongezwa vitamini A, tunashukuru, lakini hayana kazi ya karanga wala ya dagaa.

Na sisi vijana tuna kazi yetu. Mama na bibi zetu wanajua kipimo, muda na mpangilio wa chungu hiki, na ujuzi huo haukuandikwa popote. Mexico ilibaki na ujuzi wake wa mahindi, na waliopokea mahindi bila ujuzi ule walilipa kwa miili yao. Jumamosi hii mkae jikoni na mama zenu, watwange nanyi mshike mchi, muulize kila hatua na sababu yake, kisha muandike.