Finiksi: Ndege Mmoja, Maana Nyingi

Aghalabu mtahiniwa anapokutana na finiksi katika shairi au tamthilia, huandika sentensi moja: ndege huyu ni ishara ya matumaini kwa kuwa huungua akafufuka kutoka majivuni. Jibu hili lina ukweli, lakini ni la kukariri. Historia ya neno lenyewe yaonyesha kwamba maana hiyo ni mojawapo tu, tena haikuwa ya kwanza. Makala haya yanafuatilia maana hizo kwa manufaa ya wanaofundisha jazanda na taashira.

Asili ya neno

Neno hili ni la Kigiriki, phoinix. Wagiriki wa kale walilitumia kwa mtu wa Foinike (pwani ya Lebanoni ya leo), kwa rangi ya zambarau inayoelekea wekundu, kwa mtende na kwa ndege wa kisasili. Je, hii ni polisemia au homonimia? Sisi tuna 'paa': paa la nyumba, paa wa mwituni, kupaa angani, kupaa samaki magamba. Hakuna anayedai kuwa paa la nyumba limetokana na mnyama. Phoinix si rahisi hivyo. Wafoinike walisifika kwa kutia nguo rangi iliyotokana na konokono wa baharini, hivyo maana ya watu na ya rangi huenda zina uhusiano. Pliny, mwandishi Mroma wa karne ya 1, anasimulia kuwa ndege alidhaniwa kupata jina lake kutoka kwa mtende, ambao nao ulisemekana kufa na kuota upya. Kwa maelezo hayo, ndege ndiye aliyeazima jina.

Ndege asiye na moto

Herodotus, katika karne ya 5 KK, alisimulia habari aliyoipata Misri: ndege huyu hutoka Arabuni kila baada ya miaka 500, akimpeleka babake aliyekufa hadi Heliopolis ndani ya yai la manemane. Humo hamna moto wala majivu. Mwishoni mwa karne ya 1 BK, Klementi wa Roma alimtaja ndege huyo kama hoja ya ufufuo. Kwake pia ndege hufa katika kiota cha manukato, na funza anayezaliwa katika mwili uliooza ndiye anayeota mbawa. Masimulizi ya moto ndiyo yaliyokuja kuyafunika haya yote.

Utata wa neno ulizaa hata tofauti ya kidini. Zaburi ya 92 inamfananisha mwenye haki na mtende, na Kiebrania chake hakina shaka. Tafsiri ya Kigiriki ilitumia phoinix. Tertullian wa Karthago, katika karne ya 3, akasoma hapo ndege, akapata ushahidi wa kufufuka kwa wafu. Neno moja la mfasiri lilitosha kuugeuza mti kuwa ndege.

Mkeka na tende

Mwaka 1753, Linnaeus aliuweka mtende katika jenasi aliyoiita Phoenix. Mkindu wetu pia umo humo. Kwa hivyo Mswahili anayefungulia tende mwezi wa Ramadhani, akiwa ameketi juu ya mkeka wa ukindu, yu karibu na neno hili kuliko anavyodhani. Hapa jina halina ufufuo wala matumaini. Ni jina la mmea.

Phoenix ya Durban

Mwaka 1904, Gandhi alianzisha makazi ya Phoenix karibu na Durban, Afrika Kusini, na gazeti la Indian Opinion likahamishiwa huko. Katika ghasia za Inanda za mwaka 1985 makazi hayo yaliteketezwa. Yalijengwa upya, yakafunguliwa tena mwaka 2000. Hapo jina lilitimia kana kwamba lilibashiri. Lakini kitongoji jirani chenye jina hilo hilo, kilichoanzishwa mwaka 1976 kwa ajili ya Wahindi chini ya sera ya ubaguzi, kilishuhudia mauaji ya zaidi ya watu 30 wakati wa ghasia za Julai 2021, wengi wao Waafrika weusi. Kwa familia zilizofiwa, kutaja Phoenix ni kutaja msiba. Mwandishi atakayelitumia jina hili katika hadithi ya Durban hawezi kufasiriwa kwa sentensi ile ya kukariri.

Hitimisho

Taashira haibebi maana kama kibuyu kinavyobeba maji, cha jana na cha leo kikiwa kile kile. Mtahiniwa ajiulize: katika kazi hii nani ameungua? Nani aliwasha moto? Kinachoinuka ni kile kilichokufa au ni kingine? Mhusika anayeitwa finiksi na wafuasi wake huenda ni dikteta anayerudi madarakani, na matumaini ya wafuasi yakawa kilio cha raia. Mwalimu hana budi kumdai mwanafunzi ushahidi kutoka katika matini kabla ya kumpa alama.

Maswali ya mjadala

1. Tofautisha polisemia na homonimia ukirejelea phoinix na 'paa'.
2. "Ishara moja yaweza kuwa na maana zinazokinzana." Jadili kwa kurejelea kazi yoyote ya fasihi uliyoisoma.